Barua kwa mwanangu: kanisa la kwenye simu linatosha?

Mwanangu,

Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, ya pili nikacheka pale uliposema "Mama usianze kunihubiria", ya tatu ndo nikaanza kujiuliza huyu mtoto nimjibu nini sasa. Umeuliza hivi, mtu akifuata ibada kwenye simu kila Jumapili, anaomba, anaimba, mpaka sadaka anatuma kwa simu, ana sababu gani tena ya kwenda kukaa benchi moja na watu wasiompenda na yeye hawapendi, maana kanisa ni watu sio jengo. Naandika kwa sababu nikipiga tutakatizana, na mi nikikatizwa unanijua, napayuka.

Kwanza hilo la kanisa ulilotoka. Kusimama mbele ya watu na kuanza kusoma majina ya ambao hawajamaliza ahadi za ujenzi, na lako likiwemo wakati wanajua kabisa huna kazi, sitalitetea hata kidogo. Yakobo kwenye sura ya 2 alishawagombeza waumini wa zama zake, tajiri akiingia anapewa kiti kizuri, maskini anaambiwa we simama pale, kwa hiyo ugonjwa huu ni wa siku nyingi. Kutoka pale sikulaumu. Ninachokuuliza ni kwanini umetoka kanisa moja ukayafuta yote.

Afrika Kaskazini karne ya 4 walibishana sana juu ya hili. Dola ya Kirumi iliwatesa Wakristo kuanzia 303, baadhi ya viongozi wa kanisa wakaogopa wakayasalimisha Maandiko yachomwe. Mateso yalipoisha likatokea kundi, waliitwa Wadonati, wakasema huduma ya viongozi wasaliti ni batili, na waliokubaliana nao wamechafuka pia, sisi tutakuwa na kanisa letu la wasafi. Agustino, askofu wa Hippo, akawajibu kwamba anayebatiza ni Kristo, mkono wa mtumishi ukiwa mchafu zawadi bado ni ya Bwana. Hapo namkubali. (Baadaye aliunga mkono serikali iwashurutishe kurudi, hapo simfuati ng'o.) Sikwambii urudi kule ulikoumizwa, tafuta kwingine, ila kanisa la wasafi usilitafute maana hata ukilipata siku utakayoingia wewe litachafuka, na mimi nikija nyuma yako ndo kabisaa.

Sasa hilo la kanisa ni watu sio jengo. Ni kweli, na ndo linalonipa shida na hoja yako. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa kanisa ni ekklesia, maana yake mkutano, watu walioitwa wakakusanyika. Jengo umelitoa sawa, lakini watu nao umewatoa, umebaki na wewe na skrini!

Usidhani naipiga vita teknolojia, kizee mimi naangalia klipu kuliko wewe. Kanisa tangu mwanzo limetumia mawasiliano ya mbali, barua za Paulo ni nini kama sio hiyo? Ila angalia zilivyotumika. Kwa Wakolosai anaagiza isomwe mbele ya kanisa, halafu ipelekwe Laodikia wasome na wao. Barua ilikuwa inaingia katikati ya watu waliokwisha kukaa pamoja, kila mtu hakuwa na nakala yake anajifungia nayo chumbani.

Fungua 2 Yohana, ni ka-barua ka aya 13 tu, dakika mbili umemaliza. Kameandikwa kwa mama mteule na watoto wake, wengi wanaona mama huyo ni kanisa, mi napenda kukasoma kama mama nilivyo. Aya ya 12 anasema ana mengi ya kuandika lakini hataki kuyamaliza kwa karatasi na wino, anatarajia kuja waongee, kwa Kigiriki kaandika mdomo kwa mdomo, ili furaha itimie. Yaani mtume mwenyewe anakiri barua yake haitoshi. Sasa panda juu kidogo aya ya 7, anaonya juu ya wanaokataa kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili. Miaka yote nilikuwa nasoma hizi aya kama vitu viwili tofauti. Siku hizi naona ni kitu kimoja, anayeamini Mungu alikuja na mwili hawezi kuridhika na wino.

Ignasi askofu wa Antiokia ndo kaniamsha. Mwanzoni mwa karne ya 2 alikuwa anapelekwa Roma kuuawa, njiani anaandikia makanisa. Kwa watu wa Smirna anawataja walimu waliosema Yesu alionekana tu kama ana mwili, na anataja mambo mawili juu yao, hawaji kwenye Ekaristi, yaani meza ya Bwana, na hawajali mjane wala yatima wala mwenye njaa. Ukiona mwili sio kitu, basi na njaa ya mwenzako inakuwa sio kitu, utaijulia wapi?

Halafu Korintho. Pale walikutana kweli na bado mambo yalikuwa ovyo, wengine wanawahi wanakula wanalewa, wengine wanabaki na njaa. Mi ningewaambia basi kila mtu asali kwake. Paulo kwenye 1 Wakorintho 11 anawaambia mkikutana mngojane. Kwenye simu hungojani na mtu, mahubiri yakichosha unaruka mbele, mzee akianza ushuhuda mrefu unazima, tena mtandao wenyewe unajifunza unachopenda na kukuletea hicho hicho, mwisho unasali na kanisa ulilolitengeneza kwa kidole gumba na hakuna wa kukubishia humo ndani.

Najua utaniuliza, je wagonjwa? Justino Shahidi, anaandika karne ya 2 katikati, anaeleza ibada ya Jumapili ilivyokuwa, Maandiko yanasomwa, mahubiri, maombi, mkate na divai, halafu mashemasi wanawapelekea wasiokuwepo. Hawakuachwa, ila waliletewa na mtu mwenye miguu. Na Wakatoliki, ofisi ya Vatikano ya mawasiliano ilishaandika 2002 kwamba mtandao unafaa kwa mambo mengi lakini sakramenti za mtandaoni hakuna, hiyo ni miaka 18 kabla korona haijatufungia wote ndani.

Na mimi si nilikuwa mgonjwa mwaka ule wa operesheni? Sikukueleza vizuri. Miezi mitatu nimeegemeza simu kwenye mto nafuata ibada laivu, na nilishukuru sana, sitaidharau. Lakini ilikuwa inaganda, mara nyingi pale pale kwenye baraka, mchungaji mikono juu, mdomo wazi, kaduara kanazunguka, baraka zenyewe sijazipata. Halafu wiki ya tano hivi akaja yule dada anayekaa nyuma yangu kanisani, yule anayeimba nje ya sauti mpaka nilikuwa nahama kiti, unamjua. Hakuleta neno wala unabii. Aliangalia miguu yangu, nilikuwa siwezi kuinama, kucha zimekuwa ndefu zinakwaruza shuka, akauliza kikata kucha kiko wapi. Akakaa chini sakafuni akanikata kucha zote kumi, taratibu, huku anaimba vile vile nje ya sauti. Nililia mwanangu, na hakuuliza nalia nini.

Mtu huyo nisingemchagua. Nikiwa mkweli, kama ingekuwa ni kubonyeza, ningeshamzima siku nyingi.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, haitoshi. Endelea kumsikiliza huyo mhubiri wako wa mtandaoni, nimemsikia, yuko vizuri ingawa anajisifia kidogo. Ila yeye hajui jina lako na siku ukikosekana hatajua. Tafuta kakanisa kadogo, kaa nyuma, usijiandikishe kwenye kamati yoyote mwaka mzima, wakianza habari ya majina na ujenzi toka nje upunge upepo urudi.

Hilo lingine uliloniuliza mwishoni, kwa sauti ya chini, kama bado naamini baba yako alipona au la, hilo siliandiki hapa. Ukija tutakaa.

Mama