Maswali ya Mafundi: Mota ya volti 3,300 inakata breka baada ya masika

SWALI: Mota ya volti 3,300 ya feni yetu ilikaa wiki tatu bila kazi, mvua zikinyesha. Tukiiwasha, breka inakata papo hapo na rilei (kifaa cha ulinzi) inaonyesha hitilafu ya athi, yaani umeme unavuja kwenda ardhini. Msimamizi anataka tujaribu tena. Tufanyeje? – Fundi wa zamu, Morogoro

JIBU: Msijaribu tena, ndugu. Kila mkiirudisha breka, umeme wa hitilafu unaweza kuunguza bati za kiini cha mota, na hapo kusuka waya upya hakutatosha.

Vuteni breka itoke kabisa kwenye kabati lake. Kila anayeingia kazini aweke kufuli lake na akae na ufunguo. Kipimaumeme kiwe cha volti hizo. Malitimita ya kawaida inaweza kulipukia mkononi. Kijaribuni kwanza penye umeme, pimeni fezi zote tatu, kisha kijaribuni tena. Ndipo mfunge athi (waya wa kuunganisha na ardhi), mkianza na ncha ya ardhini. Hita ya mota (ya kuzuia unyevu mota ikiwa imezimwa) ina laini yake ya volti 230, nayo hubaki na umeme hata breka ikiwa nje: izimeni na kuifunga pia. Kama kuna kapasita (vifaa vinavyohifadhi chaji), zipeni dakika 10 kabla ya kuzifunga athi.

Sasa tenganisheni kebo na mota. Wengi hupima vyote pamoja, mota ikapelekwa kusukwa, kumbe maji yameingia kwenye kichwa cha kebo. Pimeni kimoja kimoja kwa mega (kipimo cha inshulesheni, yaani kihami cha waya) ya volti 2,500, mkiondoa athi ya kile mnachopima tu. Kwa mota, kipimo cha dakika 1 kisipungue megaomu 100 koili ikiwa na nyuzi 40. Ikiwa na nyuzi 30, gaweni mlichosoma kwa mbili. Kipimo cha dakika 10 kiwe angalau mara mbili ya kile cha dakika 1. Mkimaliza, fungeni athi dakika 40 kamili, maana chaji iliyobaki kwenye koili huua.

Vipimo vikiwa chini, ikausheni kwa hita au hewa ya moto, joto lipande polepole, koili isizidi nyuzi 90. Mwanzoni megaomu zitashuka zaidi. Msishtuke, zitapanda unyevu ukitoka. Zikigoma karibu na sifuri hata baada ya kukauka, inshulesheni imetoboka na mota iende kusukwa.

Na ile hita ya mota, mkiirudishia umeme ipimeni kwa klampu mita (kipimo cha mkondo kinachobana waya): mara nyingi fyuzi yake ilishakatika zamani.