Bwawa la kuogelea la pwani: pima kisima kabla ya kununua dawa

Ukitunza bwawa la kuogelea Diani, Watamu, Kilifi au Nungwi, adui wako mkubwa ni chokaa. Mwani ukiota kila mtu anauona, mwenye nyumba anapiga simu, unatia klorini na siku ya pili maji yamerudi hali yake. Chokaa haipigi kelele. Inaanza na mstari mweupe kwenye vigae pale maji yanapokomea, halafu ukuta unakwaruza magoti ya watoto, mchanga wa filta unashikana mabonge, na kama bwawa linatengeneza klorini kutokana na chumvi, seli inajaa ganda mpaka inaacha kufanya kazi. Nimetunza mabwawa ya nyumba za wageni huku kusini ya Mombasa kwa miaka mingi, na kila anayeniuliza aanzie wapi namwambia aanzie kisimani.

Ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe, na mwamba huo karibu wote ni kalisi kaboneti. Maji ya mvua yanapopenya udongoni hubeba kaboni dayoksaidi, yakawa na uasidi kidogo, yakauyeyusha mwamba kadiri yanavyopita. Ndiyo maana birika la chai linaota ganda na sabuni haitoki povu. Sasa, lile jedwali lililobandikwa kwenye ndoo ya dawa linasema ugumu wa kalisi, yaani kalisi iliyoyeyuka majini, uwe kati ya 200 na 400 (miligramu kwa lita), ualkali, yaani uwezo wa maji kuizuia pH isiyumbe, 80 hadi 120, na pH, kipimo cha uasidi, 7.2 hadi 7.8. Ni nambari nzuri, ila maji ya visima vingi vya huku yanafika bwawani yakiwa yameshakaribia kikomo cha juu au yamekipita. Anayekuuzia mfuko wa kalisi kloraidi bila kuuliza maji yako yanatoka wapi, usinunue kwake.

Nyumba moja niliyoitwa, mtunzaji alikuwa amefuata jedwali neno kwa neno. pH ilisoma 7.1, akamwaga magadi mengi kwa mkupuo. Kufika alasiri bwawa zima lilikuwa jeupe kama tui la nazi. Kalisi iliyokuwa imeyeyuka ilikutana na kaboneti ikageuka chembe za chokaa, na wageni walikaa siku kadhaa wakilitazama tu huku pampu ikichuja. Kwenye maji magumu, magadi ni dawa ya kuogopa. pH ikishuka kidogo, mara nyingi inatosha kuacha pampu izunguke na maji yapige hewa: kaboni dayoksaidi inatoka na pH inapanda yenyewe.

Mizani ya mambo haya imeshapigiwa hesabu. Mwaka 1936 Mmarekani Wilfred Langelier alitoa kanuni ya kujua kama maji yataacha chokaa au yataila, akiwafikiria watu wa mabomba ya mjini, na watunza mabwawa wakaichukua. Unajumlisha pH, namba ya joto, namba ya kalisi na namba ya ualkali (namba hizi tatu unazisoma kwenye jedwali la kanuni hiyo), kisha unatoa 12.1. Jibu likiwa karibu na sifuri, kati ya -0.3 na +0.3, maji yametulia. Likizidi hapo, chokaa inaganda. Likipungua, maji yanakula plasta na simenti ya kati ya vigae.

Chukua bwawa la hapa lenye joto la nyuzi 29. Namba ya joto ni 0.7. Kalisi ikiwa 800, namba yake ni 2.5. Ualkali wa 100 ni 2.0. Ukiweka pH ya 7.5 unapata 12.7 ukitoa 12.1, yaani +0.6, na chokaa itaganda. Shusha ualkali hadi 75, ambao namba yake ni 1.9, na pH iwe 7.2: sasa ni +0.2. Kalisi ni ile ile 800, hakuna tone lililomwagwa, na vigae vinabaki safi. Ushauri wangu wote uko katika hesabu hiyo. Kalisi huwezi kuitoa majini kwa dawa ya kawaida, lakini pH na ualkali viko mikononi mwako. Tena pH ya chini inaipa klorini nguvu: kwenye 7.5 karibu nusu yake ndiyo inayoua vijidudu ipasavyo, kwenye 8.0 inabaki kama robo.

Kushusha, tumia asidi ya haidrokloriki. Kwa bwawa la lita 50,000, lita moja ya asidi ya asilimia 33 inapunguza ualkali kwa takriban 10. Mimi naitia jioni, kidogo kidogo, upande wa kina kirefu, pampu ikiwa inazunguka, halafu napima asubuhi kabla ya kuongeza. Asidi inaingia kwenye maji. Maji kamwe hayamwagwi juu ya asidi. Na chombo kilichoshika klorini kisishike asidi, gesi inayotoka hapo inaua.

Kitu ambacho wengi hawakihesabu ni jua. Bwawa la lita 50,000 likipoteza nusu sentimita kwa siku, kwa mwezi limepoteza kama lita 5,000. Yanayopaa ni maji matupu, kalisi inabaki. Unajaza tena kutoka kisimani. Tuseme kisima kina 400, basi umetia kilo mbili za kalisi kaboneti, na ugumu umepanda 40 kwa mwezi mmoja. Kama unatumia klorini ya unga ya kalisi haipokloraiti, kila klorini 10 (miligramu kwa lita) unazotia zinaleta ugumu wa kama 7. Ukitia 2 kila siku, hiyo ni 40 nyingine kwa mwezi. Kaskazi yote, Desemba hadi Machi, bwawa lililoanza na 400 linaikaribia 700 na hakuna aliyekosea chochote.

Kwa hiyo huku napendelea klorini ya maji. Haina kalisi. Inaongeza chumvi kidogo na haidumu kwenye joto, nunua ya wiki mbili na uiweke kivulini. Vidonge vya klorini aina ya trikloro navyo havina kalisi, lakini vinalimbikiza asidi ya sayanuriki, ile inayokinga klorini na jua. Ikipita 100 klorini inakuwa mvivu. Tena sayanuriki inajificha ndani ya kipimo cha ualkali: toa theluthi yake. Ikiwa sayanuriki ni 60 na ualkali unasoma 95, ualkali wa kutia kwenye hesabu ni 75. Vidonge na klorini ya unga visikutane, hata kwenye kijiko kimoja, vinaweza kulipuka.

Anayetunza bwawa Nairobi kwa maji ya bomba ya Ndakaini asome haya kinyume. Maji yale ni laini na ya baridi, yanatafuna plasta. Yeye ndiye anayehitaji kalisi kloraidi: kilo moja na nusu ya ile ya asilimia 77 inapandisha ugumu kwa 10 kwenye lita 100,000. Aiyeyushe kwenye ndoo yenye maji tayari, maana inachemka.

Kupima, achana na vijiti vya karatasi kwa kazi hii. Vingi vinasoma ugumu wote pamoja na magnesi, na visima vyetu vilivyoguswa na bahari vina magnesi tele, kwa hiyo utatishika bure. Nunua kipimo cha matone cha ugumu wa kalisi. Maji yakishatiwa dawa mbili za mwanzo yanakuwa mekundu. Unadondosha tone moja, unatikisa, tone jingine, unahesabu. Yanapita kwenye zambarau, na hapo wengi hukomea mapema. Endelea mpaka tone jipya lisibadilishe kitu na rangi iwe bluu. Zidisha idadi kwa 10 au 25, kadiri chupa inavyosema.

Ugumu ukishapita 800 au 1,000, dawa ni kubadilisha sehemu ya maji. Usibadilishe kwa maji ya kisima kile kile. Wenye nyumba wenye jabia la mvua wana bahati kubwa, kwani maji ya mvua hayana kalisi kabisa. Masika ikianza, toa theluthi ya bwawa na uelekeze bomba la paa la mabati au la zege. La makuti liache, maji yake ni ya kahawia. Usilitoe bwawa lote wakati huo, kwani maji ya ardhini yakiwa juu yanaweza kulinyanyua tupu likapasuka.