Kilo 6 nzima au vipande viwili? Saizi ya nyama ya ng'ombe kwa jiko la moshi

SWALI: Habari kaka mtaalam. Nimepata jiko la moshi, lile la duara la kufunika, wavu wake una sm 45. Nimelitumia mara moja tu, nikaweka paja la ng'ombe kilo 2, likakaa kwenye moshi masaa 5 nikalitoa likiwa na digrii 76 katikati, na likatoka kavu, gumu, tumetafuna mpaka taya zinauma. Wiki ijayo nina watu 12 wanakuja kula saa 12 jioni. Buchani wananiambia wanaweza kunipa kidari kizima cha kilo 6, au vipande viwili vya bega vya kilo 2 na nusu kila kimoja, au wanikatekate vipande vya nusu nusu kilo. Nichukue saizi gani? Na hiyo ya kilo 6 si itachukua muda mara tatu ya ile ya kilo 2? Halafu nina paja jingine limebaki kwenye friza, nifanye nalo nini?

JIBU: Salama dada yangu. Chukua vile vipande viwili vya bega. Nimesema mapema ili kama uko njiani kwenda buchani usinisubiri, ila ukipata nafasi soma mpaka mwisho manake hilo swali lako la mara tatu ndo watu wengi linawaangusha, na mimi mwenyewe liliniangusha.

Muda wa moshi haufuati kilo, unafuata unene. Joto linaingia kutoka nje ya nyama linatafuta katikati, na njia fupi ya kufika katikati ni kupitia unene, sio urefu. Sasa chukua kidari kirefu cha kilo 6 chenye unene wa sm 8, ukikikata katikati unapata vipande viwili vya kilo 3 lakini vyote bado vina sm 8, kwa hiyo muda unapungua kidogo tu, wala sio nusu. Upande wa pili, nyama ya sm 4 ukilinganisha na ya sm 8, hesabu ya joto peke yake inasema ile nene itachukua karibu mara nne! Jikoni huwa haifiki huko kwa sababu kuna mambo mengine yanaingilia, ila zaidi ya mara mbili jiandae nayo. Ndo maana ile kanuni utakayoikuta kila mahali ya kila nusu kilo saa moja na nusu mi siipendi kabisa, kwa kilo 6 inakupa masaa 18, na wakati mwingine nyama imeshaiva baada ya masaa 12 na wewe bado umelala.

Kwa hiyo ukifika buchani weka mkono wako juu ya nyama. Vidole vinne ukivilaza pamoja upana wake unakaribia sm 7 au 8, na huo ndo unene ninaoutaka kwa nyama ya kupika taratibu mpaka iwe laini. Vidole vitano hivi, yaani sm 9, bado sawa. Vidole viwili hapana, labda iwe nyama ya aina nyingine ambayo nakuja kuieleza. Na muhimu zaidi, unene uwe sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, sio huku mlima kule karatasi, manake ile ncha nyembamba itakauka masaa kadhaa kabla ya ule upande mnene kulainika.

Sasa twende kwa lile paja lako, kwa sababu kosa halikuwa kilo. Sehemu za ng'ombe zinazofanya kazi nyingi na zenye mafuta ndani, kama kidari, bega, shingo na mbavu, zimejaa kolajeni, ule utando mgumu unaofunga nyuzi za nyama. Kolajeni ikikaa kwenye joto la 70 kwenda juu kwa masaa mengi inayeyuka inakuwa jelatini, na hiyo jelatini pamoja na mafuta ndo inakupa ule ulaini na utelezi mdomoni hata kama maji mengi ya nyama yameshatoka. Ndo maana bega tunalifikisha mpaka 93 au 96 katikati. Paja limekonda, mafuta kidogo, kolajeni sio ya kutosha kuokoa chochote, na wewe ulilitoa kwenye 76, ambapo nyuzi zimeshajikamua maji yote na hata ile kolajeni kidogo iliyokuwepo haijapata muda wa kuyeyuka. Yaani umekosa huku na huku. Ungelitoa mapema sana lingekuwa na maji, ungeendelea mpaka 95 lingekuwa kama kamba. Saizi inakuja baada ya kujua ni sehemu gani ya mnyama, ukikosea hapo hata ukiwa na rula haisaidii.

Vile vipande vya nusu kilo navyo achana navyo kwa siku hiyo. Najua vinavutia kwa sababu vinaiva haraka na vinashika moshi mwingi, na kweli kipande kidogo kina nje nyingi kuliko ndani kwa hiyo kila ukimega unapata moshi na viungo, lakini faida hiyo hiyo ndo inakugeukia: kila upande unapoteza maji, na moshi ukiwa mzito kidogo au kuni mbichi nyama yote inakuwa chungu, hakuna ndani ya kujificha. Vipande vidogo ni mchezo wa mtu ambaye moto wake ameshauzoea. Wewe bado mnajuana na jiko lako.

Kidari kizima nakiheshimu sana, tena kikitoka vizuri hakuna nyama ya moshi ninayoipenda zaidi, ila kwa mara ya pili kupika siwezi kukushauri. Kile ni misuli miwili imelaliana, mmoja bapa umekonda na mwingine mnene una mafuta, na nyuzi zake zinaelekea pande tofauti. Upande bapa unaiva na kuanza kukauka wakati mnene bado umegoma. Halafu wavu wako una sm 45, na kidari cha kilo 6 mara nyingi kinafika urefu huo au kupita, kingo zitagusa ukuta wa jiko ziungue. Nyama inatakiwa iachiwe angalau vidole vitatu kila upande ili moshi na joto vizunguke, na usiweke upande wowote juu ya mkaa moja kwa moja. Vipande viwili vya bega utavipanga upande mmoja, mkaa upande mwingine, nafasi katikati yao, na ukiona kimoja kinakimbia kuliko mwenzake unavibadilishana nafasi. Hiyo kitu na kidari kizima huwezi.

Wingi je, watu 12? Hapa ndo kilo zinafanya kazi, kilo ni za kujua watu watashiba sio muda. Nyama ya kupika taratibu namna hii inapoteza sana, ukitoa mafuta uliyoyakata, maji yaliyotoka kama mvuke na mafuta yaliyodondoka, mi huwa nahesabu nusu tu ndo inafika mezani. Bega huwa linatoa zaidi kidogo ya nusu ila usilitegemee. Mtu mmoja gramu 200 ya nyama iliyoiva ni sawa kabisa kama kuna vyakula vingine, kwa hiyo 12 mara 200 ni kilo 2.4, rudisha mara mbili unapata kilo 4.8. Vipande vyako viwili ni kilo 5, imetosha. Kama ungechukua mbavu zenye mifupa hesabu ingebadilika, mfupa unakula mizani vibaya mno, hapo nahesabu mbavu kubwa moja kwa kichwa nasahau kilo kabisa.

Sasa muda. Jiko lishike kati ya digrii 115 na 120, bega la unene wa vidole vinne vitano litachukua kama masaa 8 hadi 10. Wageni wanakula saa 12 jioni, basi nyama iingie saa 12 asubuhi, maana yake moto uwashe kabla ya hapo kama dakika 45 ili moshi uwe mwembamba wa bluu bluu, sio ule mweupe mzito. Najua ni mapema na ni siku ya wageni una mambo mengine, ila nyama inayowahi haina shida: ifunge kwenye foili, izungushie taulo, iweke kwenye lile boksi la kubebea vinywaji baridi (bila barafu jamani, nimeshaona) na itakaa moto masaa matatu hata manne, cha kuangalia isishuke chini ya 60. Nyama inayochelewa ndo aibu. Mi kuna mwaka niliweka kidari cha kilo 7 alfajiri kwa ajili ya chakula cha mchana, nimepiga hesabu kwa kulinganisha na kipande kidogo nilichopika wiki moja kabla, wageni wakala mkate na saladi wakaaga, nyama imeiva usiku nimekula mwenyewe na jirani.

Na usishtuke ikifika kama 65 hadi 70 ikagoma kabisa kupanda, saa moja, saa mbili, thamomita imeganda. Haijaharibika wala moto haujafa, ni nyama inatoa jasho, maji yakipanda juu yanageuka mvuke yanaipoza kwa kasi ile ile ambayo jiko linaipasha. Wengi hapo wanaongeza mkaa kwa hasira wanaunguza. Subiri, au rangi ya nje ikiwa imekukolea vizuri ifunge kwenye foili, jasho likikosa pa kwenda joto linapanda tena. Kwa ratiba yako ningefunga. Ganda la nje litalainika kidogo, sio tatizo. Mwisho usiamini namba peke yake, choma kijiti au ile sindano ya thamomita pande mbalimbali, ikizama kama kwenye siagi bila kukwama imeiva, ikikwama bado hata kama imeandika 95. Halafu ipumzike angalau saa moja kabla hujaigusa.

Bucha mwambie hivi: bega, vipande viwili, unene wa vidole vinne vitano, vilingane, na asitoe mafuta yote. Yale ya juu utayapunguza mwenyewe yabaki kama nusu sentimita, yakizidi hapo hayayeyuki na moshi haupiti. Ukiangalia upande uliokatwa uone michirizi myeupe imetawanyika ndani ya nyekundu, hiyo ndo ya kugombania, sio lile bonge moja la mafuta pembeni. Akikupa iliyoganda ianze kuyeyuka kwenye friji siku mbili kabla, usiiache mezani usiku kucha. Kama kipande kimelegea kinataka kujifungua kifunge na kamba ya pamba kila baada ya vidole vitatu kiwe gogo moja la mviringo, kamba ya nailoni hapana, inaweza kuyeyuka.

Lile paja la friza usilitupe. Liyeyushe, lipake chumvi usiku wa kuamkia siku ya kulipika, kisha lipike kama steki kubwa sio kama bega: moshi ule ule lakini unalitoa likiwa digrii 55 hadi 57 katikati, masaa 2 hadi 3 hivi kutegemea unene. Kama mezani kuna mjamzito, mzee au mtoto mdogo lifikishe 63 ulipumzishe angalau dakika 3. Kisha liache lipoe kabisa kwenye friji, likishashika ulikate kwa kisu kikali kinyume na nyuzi, nyembamba mpaka uone mwanga kupitia. Hapo ugumu wake hutausikia. Ila usilipike siku ya wageni, wavu wako hautoshi.