Kabla ya Askari Zaidi, Tupeni Kikao

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Kama mtaa wako ungepewa kitu kimoja tu cha kuuongezea usalama, ungechagua nini: askari, taa au kazi kwa vijana?" Vyote vitatu tunavihitaji hapa Rhonda, na anayechagua chochote kati yake ana sababu nzuri. Lakini mimi nikipewa kimoja, naomba kikao. Kikao cha kila mwezi katika wadi, wakae chifu na afisa wa kaunti, mwalimu, muuguzi, wenye ploti, watu wa bodaboda, vijana na akina mama, na kila kikiisha kiache karatasi inayosema nani atafanya nini, kufikia tarehe gani, na pesa zitatoka wapi.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii upande huu wa magharibi wa jiji la Nakuru, mmoja wa wale 100,000 hivi ambao Serikali iliwapa mikoba ya kazi kote nchini kuanzia Septemba 2023. Naingia nyumba kwa nyumba: napima presha, nauliza chanjo za mtoto, namfuatilia mama mjamzito aliyekosa kliniki. Ukishakaribishwa ndani huoni presha peke yake. Unamkuta mama amejifunika leso mpaka shavuni na hataki kugeuka upande wa mlango. Unamkuta kijana wa sekondari amelala saa tano asubuhi. Ukiuliza unaambiwa alifukuzwa karo muhula uliopita na hajarudi. Unamkuta baba ambaye tangu kazi ya mjengo iishe anaamkia changaa. Hayo naanza kuyaona miezi mingi kabla mtu hajaporwa simu pale steji. Kwenye simu ya kazi kuna mahali pa kujaza presha. Hakuna mahali pa kujaza kwamba nyumba hii inaelekea kubaya. Mwalimu wa chekechea ana yake anayoyajua, mwenye duka la kukopesha unga ana yake, mzee wa mtaa ana yake. Polisi huwa wa mwisho kupata habari, na wakizipata tayari kuna damu.

Mwaka jana tulijaribu kuyaweka haya pamoja. Tulikutana kwenye baraza ya kanisa, tukaunganisha kalenda kuukuu kwa gundi, upande wa nyuma tukachora mtaa wetu kwa makaa: barabara, steji, kanisa, shule, vyoo, vioski vya maji, baa. Kila mtu akapewa vifuniko vya soda aviweke mahali anapoogopa kupita. Wanaume waliweka vyao karibu vyote kwenye njia ya kutoka steji, pale watu wa bodaboda wanapovamiwa. Wanawake waliviweka vyooni, maana vyoo vya ploti nyingi viko nje na mlango wa kufunga ni gunia, na wakaviweka kwenye kioski cha maji. Msichana wa Gredi ya 7 alisimama muda mrefu, kisha akakiweka chake mbele ya baa moja iliyo kwenye njia ya kwenda shuleni. Wasichana wenzake wakaja mmoja mmoja wakaweka hapohapo. Hakuna mzazi aliyewahi kuwasikia wakisema lolote kuhusu baa ile. Chifu, aliyekuja kwa shughuli nyingine, aliitazama ile karatasi akasema ripoti zinazofika ofisini kwake zote ni za steji.

Sababu ni wazi. Mtu huripoti simu iliyoibwa na pikipiki iliyochukuliwa. Hakuna anayekwenda kituoni kuripoti kwamba anaogopa kwenda chooni usiku. Mpango wa usalama ukitengenezwa kwa ripoti za polisi peke yake, utawalinda wanaume wa steji na kuwasahau wengine wote.

Chukua habari ya kioski cha maji. Mfereji wetu hupata presha usiku, kwa hiyo mwenye kioski alikuwa akifungua usiku, na wanawake na watoto wakipanga mitungi gizani mpaka saa nane, saa tisa. Hapo ndipo walipokuwa wakiporwa, na mengine mabaya kuliko kuporwa. Ungeleta askari kumi ungepunguza shida kwa wiki moja. Chama cha akina mama kilimkopesha mwenye kioski pesa za tangi kubwa. Sasa linajazwa usiku yeye akiwa ndani, na maji yanauzwa kukipambazuka. Ile foleni ya gizani imekwisha, na hakuna askari aliyehusika. Vyoo vimekuwa vigumu zaidi. Baadhi ya wenye ploti wametia balbu na milango ya mabati. Wengine wanasema mpangaji asiyeridhika ahame.

Halafu kuna mulika mwizi, ile taa ndefu ya kumulika mtaa, iliyozimika. Kwa muda mrefu watu walikuwa wakimlalamikia chifu, na chifu anaandika, na taa haiwaki. Chifu ni mtu wa Serikali ya Kitaifa. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, taa za barabarani ni kazi ya kaunti, kama zilivyo leseni za pombe, chekechea, maji na usafi, zahanati na vituo vya afya, na zimamoto. Polisi ni wa Serikali ya Kitaifa. Kwa hiyo uchochoro mmoja wa Rhonda una taa ya serikali moja na askari wa serikali nyingine, na wakubwa wao wanaweza kumaliza mwaka mzima bila kukaa pamoja kuuzungumzia uchochoro huo. Mwananchi anayeporwa hapo hajui aanzie mlango upi.

Si kwamba sheria haikuliona hili. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 iliweka Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, mwenyekiti wake awe gavana au mtu wa kamati tendaji ya kaunti aliyemteua, ndani wawemo wakuu wa polisi wa kaunti na wawakilishi wa wafanyabiashara, dini, wanawake, vijana na watu wenye mahitaji maalumu. Sheria hiyohiyo ina kamati za polisi jamii. Ni mpango mzuri. Lakini hata ukifanya kazi ipasavyo, kaunti yetu ina wadi 55, kutoka Naivasha hadi Molo na Kuresoi, na mkutano wa gavana hauwezi kujua choo kipi hakina mlango. Ndiyo maana nasema kikao kiwe wadini, kisha karatasi yake ndiyo ipande juu.

Najua kuna atakayesema tunayo tayari Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kujuana na kulinda usalama wao. Ilizinduliwa 2013, wazo likiwa limetoka kwa majirani zetu Tanzania, na kuna mitaa iliyoifanya vizuri sana. Kwetu ilipungua nguvu kwa sababu moja ambayo kila mtu anaijua na wachache wanaisema hadharani: watu waliiona ni njia ya kupeleka majina juu. Ukitaja kijana fulani, jioni kijana huyo anajua ni nani aliyemtaja. Nani atasema tena? Kikao ninachokiomba kisitaje jina la mtuhumiwa hata mmoja. Kitaje mahali, saa na sababu. Njia ya steji, kuanzia saa kumi alfajiri wanapopita wanaokwenda vibarua, taa haiwaki. Hapo hakuna aliyechongewa, na kazi inaonekana.

Kuna hospitali moja ya kigeni iliyoonyesha nguvu ya jambo hili. Katika jiji la Cardiff, Wales, daktari mpasuaji Jonathan Shepherd aligundua kwamba watu wengi waliotibiwa hospitalini baada ya kupigwa hawakuwemo kabisa katika rekodi za polisi. Hospitali ikaanza kuwauliza majeruhi mambo machache bila kupeleka majina: ulipigiwa wapi, saa ngapi, kwa silaha gani. Taarifa hizo zikawekwa mezani pamoja na za polisi na za baraza la jiji, na vurugu zilizowafikisha watu hospitalini zikapungua. Sisi tuna hospitali ya Level 5 hapa mjini na vituo vya afya mitaani. Wauguzi wa Jumamosi usiku wanajua ni baa gani inayowaletea wagonjwa. Nimekaa nao, wanajua. Hakuna anayewauliza.

Na jimbo la Ontario, Kanada, limekwenda mbali zaidi: tangu 2019 sheria inazitaka manispaa ziwe na mpango wa usalama na ustawi wa jamii, uandaliwe na kamati yenye watu wa afya, elimu, huduma za jamii na polisi kwa pamoja. Wao wana pesa kutuzidi. Lakini kukaa meza moja hakuhitaji utajiri wa Kanada.

Kwa ile baa ya njia ya shule tumeshika sheria yetu wenyewe. Sheria ya pombe ya 2010, ambayo wengi bado wanaiita Sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shule yoyote ya watoto, na siku za kazi isifungue kabla ya saa kumi na moja jioni. Baa hii inafungua watoto wakienda shule. Sheria hiyo pia inampa mkazi haki ya kupinga leseni kwa maandishi. Tumeandika, wazazi wametia sahihi, mwalimu mkuu ametia mhuri. Leseni inapokuja kuhuishwa tunataka tusikilizwe. Mpaka leo baa iko wazi, na wale wasichana wanazunguka njia ndefu.

Jambo linalonisumbua zaidi ni vijana. Baada ya Juni 2024, vijana wa taifa hili walipopigwa risasi katika maandamano, ukimwambia kijana wa hapa njoo kwenye kikao na polisi anakutazama kama umemtega. Simlaumu. Kwa maoni yangu vijana wakutane kwanza peke yao, wachore ramani yao wenyewe, waandike kinachowatia hofu hata kama ni gari la doria, na ukurasa wao usomwe kikaoni jinsi ulivyo, afisa akiwa ameketi anasikiliza. Kama kuna malalamiko ya kupigwa au kuitishwa hongo, wapewe njia ya kuyafikisha kwa IPOA, mamlaka huru inayochunguza makosa ya polisi, na kikao kifuatilie yameishia wapi. Bila hivyo tutakuwa na mpango wa usalama wa wazee, na wanaokufa ni vijana.

Wakongwe wa mitaa hii wanaikumbuka Januari 2008, Nakuru ilipowaka baada ya uchaguzi, majirani wakakimbiana kwa sababu ya kabila, Kaptembwo, Ponda Mali na hapa. Nimewasikia wakisema kwamba kuzima moto haikuwa kazi ngumu kama kuwarudisha majirani wawili kwenye benchi moja. Watu waliozoea kubishana kila mwezi juu ya mtaro na balbu wanajuana kwa majina na kwa namba za simu, na mwaka wa uchaguzi ukifika wana mahali pa kupigiana simu kabla ya uvumi kuwafikia.

Basi nirudi kwenye pesa, maana hapo ndipo mipango mingi huzama. Kaunti inatakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti yanawasilishwa kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Ukienda kuomba taa mwezi wa Mei, unaomba katika bajeti iliyokwisha kuandikwa. Ombi letu la mulika mwizi tulilipeleka Julai, kwa msimamizi wa wadi na kwa mwakilishi wadi, likiwa na picha ya ramani na sahihi za ploti zote za njia ile, na tukaomba nakala igongwe mhuri wa kupokelewa. Taa ya zamani imetengenezwa. Ya pili, ya upande wa vyoo, tumeahidiwa.

Ile njia ya steji haiishii kwetu. Inaingia Kaptembwo, na wanaopora huku hukimbilia huko, na wa huko huku. Kwa hiyo wasomaji wa mitaa jirani ya Kaptembwo, Shaabab na London mnaosoma jibu hili, choreni ramani zenu kabla ya Agosti, tuziunganishe na yetu, twende ofisi ya kaunti na orodha moja.