Kichocho kumrudia mtu aliyekwisha kumeza dawa: nani yuko hatarini zaidi

Mkuu, umeuliza kama dawa aliyopewa mdogo wako huko Ukerewe ilikuwa feki, maana alitibiwa kichocho na sasa anaona tena damu chooni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku kando ya ziwa na huwa nasimamia kumezesha wanafunzi dawa, kwa hiyo nitajibu kwa ninayoyaona.

Mara nyingi dawa haina kosa. Prazikwanteli, ndiyo dawa ya kichocho, inaua minyoo ya ugonjwa huo iliyokomaa. Ile michanga iliyoingia mwilini wiki chache kabla inasalimika na kuendelea kukua. Tena dawa haimkingi mtu: akiingia majini kesho, anaambukizwa upya.

Mdogo wako ni mvuvi wa dagaa, yumo kabisa kwenye kundi la hatari. Dagaa huvuliwa usiku, sawa, lakini kusukuma mtumbwi na kuosha nyavu anafanya akiwa amesimama kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na konokono ndiko waliko. Jua likiwaka vijidudu vya kichocho hutoka kwa wingi ndani ya konokono hao, hupenya ngozi bila jeraha lolote. Halafu siku ya kugawa dawa kijijini yeye yuko kambi nyingine. Wachimba mchanga na waosha pikipiki mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, ni hivyo hivyo.

Wanaoniumiza zaidi ni watoto ambao hawajaanza shule. Hapa kwetu utamkuta mama anafua, maji magotini, na mwanawe kamkalisha kwenye beseni la maji yaliyochotwa palepale. Mtoto huyo hajakanyaga ziwa, na anaambukizwa. Sisi shuleni hatumfikii; hata fimbo tunayopimia urefu ili kujua idadi ya vidonge inaanzia sentimita 94. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mwaka 2022 watibiwe kuanzia miaka 2, basi mama aulize zahanati asisubiri shule. Na maji ya kuogesha yachotwe mapema, yakae siku 2 kwenye pipa lisilo na konokono. Vijidudu vitakuwa vimekufa.

Mdogo wako apime choo kwanza, maana damu ina sababu nyingi. Akikutwa na kichocho ameze akiwa ameshiba, na akiambiwa arudie dozi baada ya wiki kadhaa, arudie. Ila akitapika damu au tumbo likijaa maji, mpandisheni kivuko siku hiyohiyo mumpeleke hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza.