Niliyojifunza Nikiwahoji Wanawake wa Lamu Kuhusu Ukatili wa Nyumbani

Miaka kadhaa iliyopita niliajiriwa na mradi mmoja kuwahoji wanawake wa Langoni na Mkomani, mitaa ya mji wa Lamu, kuhusu ukatili wa nyumbani, ili majibu yao yatumike kuandaa mafunzo ya jamii. Siku tatu za mwanzo niliuliza kama dodoso lilivyoandikwa: "Je, umewahi kufanyiwa ukatili na mumeo?" Karibu wote walikana. Mama mmoja aliyekuwa akikuna nazi aliniambia, bila kuinua macho kwenye mbuzi, kwamba ukatili ni wa kukatana mapanga, na kwake hapakuwa na neno kama hilo.

Anayekusudia kuifanya kazi hii namshauri aanzie hapo: usiulize jina la jambo, uliza jambo lenyewe. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya huuliza kama mume amewahi kumsukuma mkewe, kumpiga kofi au kumkaba koo, na ule wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa mwili tangu walipotimiza miaka 15. Niliporudi kwa mama yule na kumtajia kitendo kimoja kimoja, mkono wake ulisimama juu ya mbuzi. "Kofi? Hilo nalo huhesabiwa, mwanangu?"

Pili, faragha. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2001 inataka mwanamke ahojiwe peke yake, tena mmoja tu katika kila nyumba, na mazungumzo yabadilishwe pindi mtu mwingine anapoingia. Katika nyumba zetu, ambamo mavyaa yuko ukumbini na wifi yuko darini, sharti hilo si dogo. Tulitayarisha maswali ya mapishi, na siku mavyaa alipotokea mlangoni ghafla alitukuta tukizungumzia uji wa mtoto.

Hata hivyo tulikosea mahali pabaya zaidi. Tuliwaachia wahojiwa karatasi zenye anwani za msaada, na mume wa mmoja wao akaikuta yake chini ya godoro. Mwanamke huyo alipigwa kwa ajili ya karatasi yetu. Mpaka leo linaniuma. Tangu hapo siachi maandishi nyumbani kwa mtu: namfundisha namba ya simu ya msaada, 1195, ambayo ni ya bure, mpaka aikariri, na namweleza kwamba aliyebakwa anatakiwa kufika hospitali kabla ya saa 72 kupita ili apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi.

Kuhusu mafunzo, siamini semina za siku moja. Mradi wa SASA! wa kuzuia ukatili, wa Kampala, uliopimwa kati ya 2007 na 2012, ulifanya kazi na majirani, wanaume na viongozi kwa miaka, na katika mitaa ile ukatili wa mwili kutoka kwa wenza ulikuwa chini kwa takriban asilimia 52 kuliko katika mitaa ambayo haikupata mafunzo.

Ndiyo maana sasa tunakwenda barazani jioni, juma baada ya juma. Mwezi uliopita fundi wa majahazi aliuliza kama kumnyima mke pesa za chakula nako ni ukatili. Nilimjibu kwamba sheria ya 2015 ya kuzuia ukatili wa kifamilia inautaja unyanyasaji wa kiuchumi pia. Wenzake walibishana naye hadi adhana ya ishaa, na juma lililofuata alirudi na ndugu zake wawili.