Bedford inayovuta kushoto ukikanyaga breki

Kaka, kwa kuwa Bedford ya mzee, gari la zamani, inavuta kushoto na pedali inashuka sana, anza na gurudumu la kulia. Mara nyingi upande usiovuta ndio mgonjwa: silinda ya gurudumu (inayosukuma viatu vya breki) imekwama au inavuja, na mafuta ya breki yamelowesha laining (tabaka la msuguano lililo juu ya kiatu cha breki). Laining iliyokunywa mafuta haisafishiki, itupe, na ubadilishe laining za magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo kwa pamoja.

Tafadhali sana, usipulize vumbi kwa kompresa. Laining za miaka hiyo zilikuwa na asbesto, inaharibu mapafu. Lowesha kwa maji ya sabuni, pangusa kwa kitambaa, vaa barakoa.

Dramu (ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu) ikiwa na mifereji au ukingo, mpelekee fundi wa kukereza, lakini apime kipenyo kwanza. Ikishazidi kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, achana nayo. Dramu nyembamba hupata joto na kupasuka. Na ikikerezwa, viatu vya breki navyo visagwe vifuate mviringo mpya, la sivyo vitagusa katikati tu. Ribiti zinazoshika laining mpya kwenye kiatu zigongwe kuanzia katikati kwenda pembeni.

Mwisho seti adjasta (kirekebisha nafasi kati ya viatu na dramu), kisha toa hewa kwenye mfumo wa breki.